Mazungumzo ya Kumi na Moja: Mtoto Aliyerudi Kutoka Chuoni Akanyamaza



Leo hatuzungumzi juu ya malaria wala chanjo ya watoto wachanga. Leo ni zamu ya mtoto mkubwa, yule uliyemsomesha kwa kuuza magunia ya mahindi, pengine na ng'ombe mmoja wa maziwa, majirani wakakuchangia katika harambee, hatimaye akaitwa chuo kikuu kusomea udaktari. Tutamchukua hasa mwanafunzi wa udaktari wa meno. Tutaangalia yaliyompata wakati wa janga la korona, na jinsi ugonjwa wa huzuni unavyoweza kukaa ndani ya nyumba miezi mingi bila mtu kuuita kwa jina lake.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 13 Machi 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona hapa Kenya. Siku mbili baadaye, Rais Uhuru Kenyatta akaagiza shule zifungwe, na vyuo vikuu viwe vimefungwa ifikapo Ijumaa tarehe 20. Wanafunzi walikuwa na siku tano tu za kufunga virago. Wengi walibeba nguo chache wakidhani ni likizo ya majuma mawili au matatu. Vitabu, koti jeupe na vifaa vya kazi vikabaki hosteli. Tarehe 6 Aprili usafiri wa kuingia na kutoka Nairobi ukapigwa marufuku hadi mapema Julai, kwa hiyo aliyeacha vitu vyake huko hakuweza kuvifuata. Kafyu iliyoanza tarehe 27 Machi 2020 haikuondolewa hadi tarehe 20 Oktoba 2021.

Sasa utauliza, kwa nini tumchague mwanafunzi wa meno? Wanafunzi wote walirudi nyumbani.

Ni kweli, wote walirudi. Lakini kuna masomo ambayo mtu anaweza kuyafuata kwa simu, na kuna masomo ya mikono. Kung'oa jino, kuziba jino, kutengeneza meno ya bandia, haya hayajifunzwi kwa kutazama kioo cha simu. Mwanafunzi wa meno huanza kwa kufanya mazoezi kwenye kichwa cha sanamu chenye meno ya plastiki. Baada ya hapo huingia kliniki na kutibu watu halisi, mwalimu akimsimamia. Anatakiwa kukamilisha idadi fulani ya kazi: mazibo kadhaa, kung'oa kadhaa, na mengine. Asipokamilisha, hamalizi. Kozi yenyewe ni ya miaka mitano, kisha kuna mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini. Vyuo vinavyotoa digrii hiyo nchini ni vichache sana. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza mwaka wa 1974, na hapa karibu nasi kuna Chuo Kikuu cha Moi mjini Eldoret.

Halafu fikiria mashine ya daktari wa meno. Umewahi kukaa kwenye kile kiti? Inazunguka kwa kasi, inamwaga maji, na maji yale yanarukaruka hewani yakiwa yamechanganyika na mate ya mgonjwa. Virusi vya korona husafiri kwa njia hiyo hiyo. Ndiyo sababu mwezi Agosti 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba, mahali ambapo korona ilikuwa ikienea, huduma za meno zisizo za dharura ziahirishwe. Kliniki nyingi duniani zilikuwa tayari zimefunga milango au kupunguza kazi. Basi mwanafunzi wa meno alikuwa na mambo mawili kifuani kwa wakati mmoja. Kazi aliyoichagua ilikuwa miongoni mwa zile za hatari zaidi, na hata hiyo hatari yenyewe hakuruhusiwa kuifikia ili amalize masomo. Desemba 2020 nchi nzima ilimlilia daktari kijana wa miaka 28 aliyeambukizwa korona kazini, na ikajulikana kwamba alikuwa hajalipwa mshahara kwa miezi kadhaa. Mwanao alisikia habari ile. Pengine alizima redio akaingia chumbani, nawe ukadhani amechoka.

Nyumbani nako kulikuwa na yake. Machi na Aprili, kama ujuavyo, ndio wakati wa kupanda mahindi Trans Nzoia. Anayerudi wakati huo anapewa jembe. Hakuna ubaya, kazi ya shamba ni ya kila mtu katika familia, na tutaona baadaye kwamba inaweza hata kumfaa. Lakini somo la saa nne asubuhi kwenye simu linamkuta yuko mbegu mkononi. Au mtandao unapatikana pale juu kwenye mlima tu, na data ya simu ni ya kununua, na wewe mama umepunguziwa biashara kwa sababu soko limefungwa. Msichana ndiye aliyepata shida zaidi, nalisema hili waziwazi. Kijana wa kiume aliweza kuambiwa, "Mwache asome." Msichana alisoma akishika mwiko.

Na kila jioni jirani anauliza, "Daktari, utarudi lini?" Kwake ni utani. Kwa anayeulizwa, ni kama kudaiwa deni mbele za watu.

Hebu sasa tuutaje ugonjwa. Kwa Kiswahili wataalamu huuita sonona. Wengi wetu husema dipresheni, na wengine husema msongo wa mawazo, ingawa msongo wa mawazo hasa ni ule unaompata mtu akiwa na mtihani au deni, na huisha mtihani au deni likiisha. Sonona haiishi hivyo. Inakaa. Kipimo cha kukumbuka ni majuma mawili. Ikiwa kwa majuma mawili au zaidi, karibu kila siku, mtu ana huzuni nzito, au hafurahii tena mambo aliyokuwa akiyafurahia, na pamoja na hayo usingizi umebadilika, chakula kimemshinda au anakula kupita kiasi, amechoka bila kazi, hawezi kutuliza akili kwenye jambo moja, anajilaumu kwa kila kitu, basi huyo anahitaji kuonwa na mhudumu wa afya. Si mvivu, na si mwenye majivuno ya chuo.

Nimesema huzuni, lakini usingojee machozi. Huku kwetu kijana aliyetahiriwa amefundishwa kusimama wima mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Anaporudi nyumbani na moyo umevunjika, usidhani atakaa jikoni akulilie. Utaona hasira. Utaona amepata marafiki wapya kwenye busaa na chang'aa. Utaona anachelewa kurudi, na ukimwuliza anapiga mlango. Msichana naye anaweza kuwa anafanya kazi zote vizuri kabisa, ila haongei, na kila wiki kichwa kinamwuma au tumbo linamwuma na vipimo havionyeshi kitu. Na kwa mwanafunzi wa meno iko dalili moja ambayo mama anaweza kuiona kwa urahisi: yule aliyekuwa akiwasumbua nyote kuhusu mswaki, sasa mwenyewe hapigi mswaki.

Ugonjwa huu si wa wachache. Mwaka 2016, yaani miaka kadhaa kabla ya korona, watafiti walikusanya pamoja tafiti za wanafunzi wa udaktari kutoka nchi zaidi ya 40, wanafunzi zaidi ya 120,000. Waliona kwamba katika kila wanafunzi 100, wapatao 27 walikuwa na dalili za sonona. Na katika kila 100 waliokuwa na dalili hizo, ni kama 16 tu waliokuwa wametafuta matibabu. Hawa ni watu wanaosomea kutibu wengine! Wanajua jina la ugonjwa, wanajua na dawa yake, lakini wanaona haya kuonekana kwenye foleni. Kisha korona ikaja juu ya hayo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2022 kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga hilo, sonona na ugonjwa wa wasiwasi viliongezeka duniani kwa asilimia 25.

Hapa Kenya jopo la serikali lililoongozwa na Dakta Frank Njenga lilitoa ripoti yake mwaka 2020, janga likiwa limepamba moto, na likapendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya taifa. Sijui kama kijiji chako kilipata habari hiyo. Wakati ule tulikuwa tukihesabu barakoa na ndoo za kunawia.

Mama mmoja atasema: korona imekwisha, kwa nini tunayafukua haya? Ni kweli Shirika la Afya Duniani liliondoa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023. Lakini wale waliokuwa mwaka wa kwanza na wa pili mwaka 2020 walimaliza kwa kuchelewa, na walipomaliza wakakuta foleni nyingine. Wahitimu wa udaktari, wa meno na wa famasia hawawezi kufanya kazi peke yao kabla ya ule mwaka wa mafunzo hospitalini, na mara nyingi wamengoja nyumbani miezi mingi kupangiwa. Mwaka 2024 madaktari waligoma kuanzia katikati ya Machi hadi Mei, na malipo na kupangiwa kazi kwa hao wahitimu yalikuwa miongoni mwa sababu. Kwa hiyo yuko mtu leo pale Webuye au Kwanza, ana digrii ya kutibu meno, na anapalilia mahindi ya mama yake huku mkopo wa HELB ukimngoja. Huyo naye ni wa mazungumzo haya. Na janga jingine likija, au chuo kikifungwa kwa mgomo, mambo yatakuwa yale yale.

Basi mama afanye nini?

Jambo la kwanza ni kuongea, na namna ya kuongea ina uzito. Usimwite mbele ya baba, wajomba na wageni kama kesi ya kijiji. Mtafute mkiwa wawili, mkichambua maharagwe au mkienda kuchota maji, mahali ambapo hamtazamani machoni. Watu wengi husema ya moyoni mikono ikiwa na kazi. Mwambie ulichokiona kwa macho, usimwambie ulichokifikiria. "Mwanangu, nimeona usiku taa yako inawaka hadi alfajiri. Nimeona hata chapati huli siku hizi. Una nini?" Kisha unyamaze. Hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Kimya cha dakika moja kinatutisha, tunakijaza kwa mahubiri: mbona mwana wa fulani amevumilia, mbona sisi tulisoma bila viatu. Ukishasema hivyo umefunga mlango, na itachukua miezi kuufungua tena.

Akisema, usikimbilie kutoa jibu. Mwulize, "Na lililo zito kuliko yote ni lipi?" Pengine utashangaa. Wewe unadhani ni karo, kumbe ni kwamba mikono yake imesahau kushika vifaa na anaogopa kumwumiza mgonjwa siku atakaporudi. Woga huo unaweza kutafutiwa dawa. Anaweza kuwapigia simu wenzake wawili wa darasa wakapanga kusoma pamoja. Anaweza kuwaandikia walimu wake kuuliza habari za mazoezi ya marudio.

Huko Zimbabwe, jijini Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina nyanya wa mtaa wa Mbare kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza. Akina nyanya kumi na wanne, si madaktari. Walikuwa na maswali machache ya kuuliza, na walimsaidia mtu kuchagua tatizo moja tu kati ya mengi na kutafuta hatua ya kwanza. Matokeo yalipimwa na kuchapishwa mwaka 2016, na wagonjwa waliokaa kwenye benchi lile walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Wao hawakuuita ugonjwa kwa jina la kizungu. Waliuita kwa neno la Kishona lenye maana ya kuwaza kupita kiasi. Mimi huwa nawafikiria akina nyanya wale kila ninapoona mabenchi yetu ya kanisani yakikaa bure kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi.

Kazi ya shamba niliyoitaja inamfaa mgonjwa ikiwa ni kidogo, ina saa zake, na haigeuzwi kuwa adhabu. Jua la asubuhi, mwendo, kulala na kuamka saa zile zile, chakula cha pamoja, yote husaidia. Pombe haisaidii. Inampa usingizi wa saa tatu na kumwamsha akiwa mbaya zaidi.

Kuomba ni vyema, na mchungaji au imamu mwenye busara anaweza kuwa wa kwanza kuaminiwa. Omba, kisha umpeleke hospitali. Wapo watakaokuambia kijana amerogwa na wenye wivu kwa sababu alikaribia kuwa daktari, wakakuonyesha mtu wa kumlipa mbuzi. Fedha hiyo ni nauli ya kwenda Eldoret na kurudi mara kadhaa.

Hospitali gani? Anza na kituo cha afya kilicho karibu, au zungumza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Kutoka hapo mnaweza kuelekezwa hospitali ya rufaa ya kaunti, iwe Kitale au Bungoma, na ikihitajika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret. Matibabu ni ya namna mbili, mazungumzo na mshauri kwa vipindi kadhaa, na dawa kwa wanaozihitaji. Dawa hizi hazifanyi kazi siku ile ile kama ya maumivu. Huchukua majuma mawili hadi manne kabla nafuu haijaonekana, na mgonjwa asiziache ghafla kwa kuwa amejisikia vizuri, aulize kwanza. Dawa za sonona si za kulewesha. Baadhi yake hukausha mate, na mdomo mkavu huoza meno upesi, kwa hiyo anywe maji mara kwa mara na apige mswaki hata siku asiyotaka kuamka. Kama mgonjwa wako ni mwanafunzi wa meno, mwachie yeye akueleze sababu. Pengine itakuwa mara ya kwanza mwezi huo kumsikia akifundisha kitu.

Sasa nikaribie jambo gumu. Mtu mwenye sonona kali anaweza kufikiria kujiua. Ukisikia maneno kama "mngekuwa heri bila mimi," ukimwona anagawa vitu vyake, au anaaga watu bila safari, mwulize waziwazi: "Mwanangu, umefikiria kujiua?" Mama wengi huogopa kwamba kuuliza kutampa wazo hilo. Sivyo. Wataalamu wameliangalia jambo hili na kuona kwamba kuuliza kwa upole hakumpi wazo, bali humpa nafasi ya kulitua. Akisema ndiyo, usimwache peke yake hata kwa muda wa kwenda dukani. Dawa za wadudu na za magugu, ambazo kila boma la mkulima hapa linazo, zifungiwe kwa kufuli nyumbani kwa jirani. Vivyo hivyo dawa za hospitali. Kisha mwende hospitali siku hiyo hiyo, iwe mchana au usiku.

Na polisi je? Miaka mingi sheria yetu ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Familia zilificha wagonjwa kwa sababu hiyo. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu mjini Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Kwa hiyo usimfiche. Mwambie daktari ukweli wote, na alichokimeza kama amemeza kitu.

Nawe mlezi, unalala? Umekula leo? Anayemlinda mgonjwa usiku na mchana huchoka hadi naye huugua. Gawa zamu na dada yako, na mama mkwe, na mwenzako wa chama unayemwamini. Si lazima kijiji kizima kijue. Watu wawili watatu wanatosha.

Chukua kalamu sasa. Simu ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ni 1199, na kuipiga ni bure. Unaweza kuongea na mshauri hata kama mgonjwa mwenyewe amekataa kuongea, umwulize la kufanya. Shirika la Befrienders Kenya, linalosaidia watu wenye mawazo ya kujiua, linapatikana kwa 0722 178 177. Ziandike ukutani karibu na kalenda, mahali mtoto atakapoziona bila kuuliza. Juma lijalo, saa kama hii, tutazungumza juu ya meno ya utotoni na chupa ya maziwa ya usiku. Usiku mwema.